Mabibi wa Enzi kati ya Nyumba na Dola

Pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani na Gazi hadi Msambweni, Wasini na Vanga, imepata kudaiwa na enzi mbili ambazo kwa kawaida hazitajwi pamoja, yaani enzi ya Hispania katika karne ya 16 na 17, na enzi ya Mabusaidi wa Omani na Unguja katika karne ya 19. Hata Taru, iliyo bara ya Kwale na nje kabisa ya ukanda wa maili kumi uliotambuliwa mwaka 1886 kuwa mali ya Sultani wa Unguja, haikuachwa pembeni, kwa kuwa misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Mombasa ilitegemea maji ya ngurunga zake, nayo mashimo hayo ya mwambani yaliyokusanya mvua yalikuwa kituo katika biashara ambayo ushuru wake uliilisha hazina ya sultani. Katika enzi zote mbili walikuwapo wanawake ambao ndoa zao, uzazi wao, ujane wao na ugomvi wao na ndugu zao vilikuwa mambo ya serikali kabla ya kuwa mambo ya nyumbani, na historia ya pwani hii haieleweki vizuri bila wao.

Jinsi Hispania ilivyofika Mombasa ni ushahidi wa kwanza. Mwaka 1526 Isabel, binti wa Mfalme Manuel wa Ureno, yule ambaye merikebu zake ndizo zilizoanza kuzishambulia bandari za Waswahili, aliolewa na Carlos, mfalme wa Hispania. Carlos alikuwa mtu wa safari na vita vya mbali, na kila alipoondoka alimwachia mkewe usimamizi wa nchi, hivi kwamba Isabel aliongoza mabaraza, akashughulikia fedha na ulinzi, na wakati huohuo akabeba mimba moja baada ya nyingine, hadi alipofariki mwaka 1539 baada ya kujifungua. Miaka 41 baadaye ukoo wa kifalme wa Ureno ulipobaki bila mrithi wa moja kwa moja, mwana wa Isabel, Felipe wa Pili, alidai Ureno kwa haki ya mama yake, akaipata pamoja na milki zake zote za Bahari ya Hindi. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, ilijengwa kwa jina la mfalme huyo wa Hispania. Msomaji wa Taru hatashangazwa na madai ya aina hiyo, kwa kuwa Waduruma wa huko wamezoea kuhesabu jamaa kwa pande mbili, upande wa baba unaoitwa ukulume na upande wa mama unaoitwa ukuche, na wanajua vizuri kwamba mali inaweza kupita kwa mama bila mama mwenyewe kuitwa mkuu.

Baadaye mwanamke mwingine wa damu hiyohiyo aliwekwa mbele kabisa. Kuanzia mwaka 1634 Margarita wa Savoy, mjane na mjukuu wa Felipe wa Pili kwa binti yake Catalina Micaela, alitawala Ureno kutoka Lisbon kwa niaba ya binamu yake, Mfalme Felipe wa Nne. Alikuwa madarakani wakati maandishi ya mwaka 1635 yalipochongwa juu ya lango la Ngome ya Yesu kuadhimisha kazi ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeikarabati ngome baada ya maasi ya Sultani Yusuf bin Hassan ya mwaka 1631. Hata hivyo Margarita alichaguliwa kwa ajili ya nasaba yake kuliko kwa uwezo aliopewa, kwa maana shughuli nyingi zilikuwa mikononi mwa katibu Miguel de Vasconcelos, na Wareno walipoasi tarehe 1 Desemba 1640 katibu huyo aliuawa, naye Margarita akaondolewa. Damu ya kifalme ilimpa kiti, lakini haikumpa watu wa kumtii.

Pwani ya Waswahili haikuhitaji kufunzwa na wageni kwamba mwanamke aweza kutawala. Masimulizi ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa mji huo kabla ya Shehe Mvita, na Pate ilikuwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Huko Goa, uliokuwa mji mkuu wa Wareno nchini India, zimehifadhiwa barua za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa jina la Malkia Fatima wa Kilwa na la binti yake. Unguja nayo ilikuwa na Malkia Fatuma, ambaye wakati Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1696 hadi 1698 alisimama upande wa Wareno, na baada ya ngome kuanguka alichukuliwa hadi Maskati kama mateka wa kisiasa. Wanawake hawa wanajulikana kwa vitendo vyao vya hadharani tu. Nani aliyewaposa, nani aliyewalea watoto wao, na walilala wapi usiku wa vita, hayo hayakuandikwa.

Kwa sababu hiyo ukoo wa Busaidi una thamani ya pekee kwa mtafiti, kwani ndani yake mambo ya nyumbani na ya dola yameandikwa na mtu aliyeyaishi. Msingi wake wenyewe una mwanamke. Sultan bin Ahmad, mtawala wa Omani, alipouawa baharini mwaka 1804 wanawe walikuwa wadogo, na aliyewasimamia kwa uthabiti alikuwa dada yake, Sayyida Moza binti Ahmad. Usimamizi wa aina hiyo, ambapo mtu mzima hushika utawala kwa niaba ya mrithi ambaye hajafikia umri, ulimpa nguvu kubwa, ingawa uliwekwa mashakani na Badr bin Seif, jamaa aliyekuja kama mlinzi na akaelekea kubaki kama bwana. Mwaka 1806 Badr aliuawa na kijana Said, mpwa wa Moza, na masimulizi ya ukoo humhesabu shangazi huyo kuwa mshauri mkuu wa jambo hilo. Husimuliwa pia kwamba wakati mji wao ulipozingirwa alivaa nguo za kiume usiku akakagua vituo vya walinzi. Said huyo ndiye Sayyid Said aliyeitwaa Mombasa mwaka 1837 na kuifanya Unguja makao yake.

Kwa kulinganisha, Hispania ya miaka hiyohiyo ilikuwa na msimamizi wa namna hiyo katika María Cristina, mjane wa Mfalme Fernando wa Saba aliyefariki Septemba 1833 na kumwachia kiti binti yao Isabel, mtoto asiyefikisha hata miaka mitatu. Kabla ya mwaka huo kwisha María Cristina aliolewa kwa siri na Agustín Fernando Muñoz, askari wa walinzi wa kifalme. Ndoa ikifichuliwa, haki yake ya kusimamia enzi ingepingwa, kwa sababu mamlaka yake yalitegemea kubaki mjane wa mfalme, kwa hiyo alilazimika kuzificha hata mimba zake wakati nchi ilikuwa vitani juu ya haki ya binti yake. Mwaka 1840 aliachia madaraka akaenda uhamishoni. Moza na María Cristina hawakujuana, lakini wote wawili walitawala kwa jina la mtoto, na huyu wa pili alilipishwa kwa maisha yake ya faragha jambo ambalo mwanamume mwenye cheo hicho asingelipishwa.

Nyumba ya Sayyid Said huko Unguja ilikuwa dola kwa namna yake. Mkewe wa cheo, Azza binti Seif, alikuwa wa nasaba ya kifalme, hakuwa na mtoto aliyebaki hai, na bado heshima yake iliwabana watoto wote wa nyumba. Watoto hao, ambao 36 walikuwa hai alipofariki baba yao mwaka 1856, walizaliwa na masuria, yaani wanawake waliomilikiwa kama watumwa na kuishi na bwana wao kinyumba. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba ni halali na anarithi sawa na wengine, na suria aliyezaa huwa huru bwana wake anapofariki. Huwezi kuisoma habari ya fahari ya jumba la Sayyid Said la Mtoni bila kukumbuka kwamba wengi wa mama hao waliletwa humo kwa kununuliwa, na kwamba mashamba ya mikarafuu yaliyoipamba enzi hiyo yalilimwa na watumwa waliotoka bara.

Sayyida Salme alizaliwa katika jumba hilo la Mtoni mwaka 1844, mama yake akiwa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi kutoka upande wa Kaukazi. Wasichana wa nyumba walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika, naye Salme alijifundisha kwa siri, akizinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao. Ujuzi huo wa faragha ndio uliomtumbukiza katika siasa. Mwaka 1859, baada ya mama yake kufa kwa kipindupindu, nduguye Barghash alipanga kumpindua kaka yao, Sultani Majid, na dada yao Chole, aliyekuwa na mvuto mkubwa katika jamaa, alimvuta Salme upande huo. Akiwa na umri wa miaka 15 alikuwa katibu wa njama, akiandika barua kwa wakuu na kupokea majibu. Barghash alipozingirwa nyumbani mwake, dada zake walimtoa akiwa amejifunika vazi la kike. Maasi yalishindwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki katikati ya ndugu waliogawanyika. Alipopatana na Majid baadaye, alimpoteza Chole.

Upweke huo unapaswa kukumbukwa kabla ya kuisimulia habari iliyomfanya ajulikane, kwa maana wengi huianza moja kwa moja kwenye mapenzi. Salme alipendana na jirani yake, mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Heinrich Ruete, akapata mimba, na kwa binti wa sultani asiyeolewa hilo lilikuwa hatari kwake na fedheha kwa enzi nzima. Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer hadi Aden, ambako alipokewa na mke na mume wa Kihispania aliowajua tangu Unguja. Huko alijifungua, na mwaka 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyohiyo. Mtoto wake wa kwanza alikufa mwaka huohuo, na mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu mjini Hamburg akafa, akimwacha na watoto watatu wadogo.

Tangu hapo shida yake ya nyumbani iligeuka kuwa chombo cha mataifa. Barghash, aliyekuwa sultani tangu mwaka 1870, alikataa kumpa urithi aliodai. Barghash alipozuru London mwaka 1875 Waingereza walimzuia Salme asimkabili, kwa ahadi ya kuwasaidia watoto wake ambayo haikutimizwa. Mwaka 1885 Ujerumani, iliyokuwa ikimshinikiza Barghash ayakubali madai yake ya ardhi barani, ilimpeleka Salme Unguja pamoja na manowari zake, ili dai la mjane lionekane kuwa dai la dola yenye silaha, na Barghash alipokubali masharti makubwa, dai la mjane liliwekwa kando. Alirudi tena mwaka 1888 bila kufanikiwa. Aliishi miaka mingi Beirut, akafariki Ujerumani mwaka 1924. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886 kilimpatia wasomaji wengi, ingawa utetezi wake wa utumwa ndani ya kurasa hizo hauna budi kukataliwa waziwazi.

Hispania ya leo bado inalo swali la mwanamke na kiti cha enzi katika sheria. Letizia Ortiz alikuwa mtangazaji wa habari aliyepata kuolewa na kuachana kabla ya kuolewa na mrithi wa kiti mwaka 2004, jambo ambalo zamani lingemfungia mlango. Binti yake Leonor alikula kiapo cha kuitii katiba tarehe 31 Oktoba 2023, siku aliyotimiza miaka 18. Lakini katiba ya mwaka 1978 inampendelea mtoto wa kiume mbele ya dada zake, na Leonor ni mrithi kwa sababu wazazi wake hawakupata mwana.

Unguja haikuwa na kanuni kama hiyo iliyoandikwa, wala haikupata kuwa na sultani mwanamke hadi enzi ilipopinduliwa mwaka 1964. Mabinti wa ukoo huo walimiliki nyumba na mashamba kwa majina yao wenyewe, na baadhi yao waliweka wakfu, yaani walitenga mali isiuzwe ili faida yake iende kwenye msikiti, kisima au jamaa. Chole hakuacha kitabu, na mengi yanayosemwa juu yake yametoka kwa mdogo wake aliyekosana naye. Hati za wakfu, zenye mipaka ya shamba, majina ya mashahidi na masharti ya mwenye mali, ndizo zinazoweza kuwasemea wanawake waliobaki, na zinastahili wasomaji wa pwani wenye kujua Kiarabu na wenye subira ya kuketi nazo.