Mchicha haukai stoo

Ukitaka kujua kwa nini watoto wengi wa shule za msingi za Serengeti na Tarime wanakula mahindi na maharage kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, usianzie jikoni wala shambani. Anzia kwenye daftari la michango. Katika shule nyingi za kutwa, wazazi hukubaliana mkutanoni kutoa debe la mahindi, kilo kadhaa za maharage na fedha kidogo za mpishi, chumvi na kuni. Mchango hukusanywa baada ya mavuno, huingia stoo, hupigwa kufuli, kisha hupimwa na kutolewa kidogo kidogo mpaka uishe. Utaratibu huo umewashibisha watoto wengi, na wazazi wanaoubeba wanastahili heshima. Lakini una jambo moja lisilojadiliwa: unachagua chakula cha mtoto kwa kuangalia kama kinahifadhika. Mahindi yanakaa miezi. Mchicha uliochumwa asubuhi unaanza kunyauka jioni ileile. Kwa hiyo mboga, nyanya, mapapai na ndizi mbivu vimebaki nje ya shule, ingawa vinalimwa ng'ambo ya uzio.

Chukua kata ya Manchira, wilayani Serengeti, mkoani Mara. Jina lake linafahamika zaidi kwa sababu ya bwawa la Manchira, ambalo ndilo chanzo cha maji ya mji wa Mugumu. Vijiji vya upande huu vinalima mahindi, mtama, ulezi, muhogo na viazi vitamu. Kwenye mabonde yenye unyevu na nyuma ya nyumba kuna mchicha, kunde, mnavu, mgagani, sukuma wiki na nyanya. Ukipanda kuelekea nyanda za juu za Tarime unakutana na migomba, kahawa, maharage na kabichi, na sehemu ya mavuno hayo huuzwa Sirari na kuvuka mpaka kwenda Kenya. Eneo hili halina njaa ya mboga. Kinachokosekana ni njia ya kuzifikisha mboga hizo kwenye sahani ya mtoto kila wiki, mwaka mzima, kwa bei ambayo mama mwenye bustani anaijua kabla hajapanda. Hapo ndipo hoja yangu ilipo: mazao mabichi hayataingia shuleni kwa mahubiri ya lishe wala kwa msaada. Yataingia siku shule itakapokuwa mnunuzi mwenye ratiba na ahadi iliyoandikwa.

Kwanza tuone kwa nini jambo hili lina uzito. Utafiti wa taifa wa afya na demografia wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano wana upungufu wa damu. Watoto hao ndio wanaoandikishwa darasa la kwanza muda mfupi baadaye. Makande yanashibisha, na maharage yana protini na madini ya chuma, ila chuma cha kwenye maharage hakiingii mwilini kwa urahisi bila msaada wa vitamini C. Msaada huo unapatikana kwenye majani mabichi na matunda. Mgagani, ambao wengi wa ukanda huu wanaupika kwa maziwa ili kupunguza uchungu, una vitamini A, C, chuma na kalsiamu. Kituo cha utafiti wa mboga duniani kimekuwa kikifanya kazi na mboga kama hizi kutoka Tengeru, Arusha, tangu miaka ya 1990. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vimethibitishwa kuwa na manufaa kwa kiwango kilichowapa watafiti wake, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, Tuzo ya Chakula Duniani ya 2016. Ujuzi upo, mbegu zipo, na mapishi yapo kwenye nyumba za Manchira zenyewe.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu mjadala huu hufa mapema mtu anaposema ni ghali. Tuseme shule ina wanafunzi 600, na kila mmoja anapata gramu 100 za mboga mbichi mara mbili kwa wiki. Hizo ni kilo 60 kwa mlo, kilo 120 kwa wiki. Mwaka wa masomo una siku 194, sawa na wiki 39 hivi, kwa hiyo shule moja inahitaji karibu kilo 4,700 kwa mwaka. Tukikadiria kilo kwa Sh 500, gharama ni Sh 60,000 kwa wiki, yaani Sh 100 kwa mtoto. Bei ikipanda maradufu wakati wa kiangazi, inakuwa Sh 200. Kwa mzazi mwenye watoto wanne shuleni hilo si jambo dogo, na nitalirudia. Lakini itazame hesabu hiyo kwa jicho la mkulima: zaidi ya tani nne na nusu za mboga, mnunuzi mmoja, umbali wa kutembea kwa miguu, malipo kila wiki. Kwa akina mama kumi wenye vibustani, hilo ni soko ambalo hawajawahi kulipata.

Wakulima wa Mara wanajua nguvu ya mnunuzi anayejulikana. Pamba ina chama cha msingi, ina mizani na msimu wa ununuzi unaotangazwa. Kahawa ya Tarime ina chama kikuu cha ushirika, WAMACU. Mtu anapanda akijua nani atanunua. Mboga haina mtu wa namna hiyo. Mama anapanda mchicha, unakomaa siku moja na wa jirani zake wote, anaupeleka Mugumu na kurudi na nusu ya mafungu. Msimu unaofuata anapanda kidogo, na shule iliyo jirani inaendelea kusema mboga hazipatikani. Kila upande unamngoja mwenzake aanze.

Mkoa wa Mara umewahi kulishwa kwa njia nyingine. Katika miaka ya 2010 shirika la Project Concern International, kwa fedha za Wizara ya Kilimo ya Marekani, liliendesha mpango wa chakula kwa elimu kwenye shule za wilaya kama Bunda, Butiama na Musoma. Shirika hilohilo, sasa kwa jina la Global Communities, likaja na mradi wa Pamoja Tuwalishe, Mara na Dodoma. Sitapuuza kazi hiyo: watoto walikula. Hata hivyo, Machi 2024 mradi huo uliibua mjadala wa nchi nzima baada ya mchele ulioongezwa virutubisho, maharage na mafuta kutoka Marekani kutolewa kwa ajili ya shule za Dodoma. Hussein Bashe, akiwa Waziri wa Kilimo, alisema angependelea fedha hizo zinunue chakula kwa wakulima wa Tanzania na virutubisho viongezwe hapahapa. Alikuwa sahihi, na ukweli wake ulizidi kuonekana Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja. Tena kuna hili: hata msaada mkarimu kiasi gani hauwezi kuleta mgagani kwa meli. Chakula kinachosafiri miezi miwili baharini lazima kiwe kikavu, kama kile cha stoo.

Pingamizi la kwanza, na lenye haki zaidi, ni la mzazi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wengi walielewa kwamba michango yote imekwisha, na Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, jiko la shule lilikuwa katika hali ya sintofahamu. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni, uliozinduliwa 2021, ulirudisha jukumu la chakula kwa jamii na wazazi kwa makubaliano. Ukimwongezea mzazi Sh 100 kwa wiki kwa kila mtoto, zipo kaya zitakazoshindwa, na mtoto wa kaya hiyo hapaswi kukaa chini ya mti akiwatazama wenzake wakila. Ndiyo maana fedha ya mboga isitoke kwa mzazi peke yake. Halmashauri hutenga fedha za lishe chini ya mkataba wa lishe unaosainiwa tangu 2017, kwa kiwango cha angalau Sh 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mtoto wa shule naye ahesabiwe. Tarime ina mgodi wa North Mara, na sheria ya madini tangu 2017 inautaka mgodi ukubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa uwajibikaji kwa jamii. Serengeti ina utalii, na vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona hupata mapato ya wanyamapori. Fedha hizo zimejenga madarasa mazuri. Sehemu ndogo ikiwekwa kwenye mboga, mzazi aliyekwama atafidiwa. Na mzazi asiye na shilingi bali ana bustani, alete mafungu ya mboga kwa zamu yake, yapimwe na kuandikwa daftarini kama mahindi yanavyoandikwa.

Wengine watasema: shibe kwanza, vitamini baadaye. Siwezi kubishana na njaa, na shule isiyo na mlo kabisa ianze na uji. Lakini shule yenye mlo haijamaliza kazi. Viongozi wanapouliza habari za lishe shuleni, swali kuu huwa ni shule ngapi zinatoa chakula. Kilichomo ndani ya sahani hakiulizwi kwa ukali uleule. Mtoto aliyeshiba huku damu ikiwa pungufu atasinzia darasani vilevile, na mwalimu atadhani ni uvivu.

Pingamizi gumu zaidi ni la mvua. Mara inapata vuli na masika, na kati ya Juni na Oktoba bustani nyingi hukauka wakati shule ziko wazi kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho. Hapa Manchira ina bahati ambayo kata nyingi hazina: maji yapo karibu. Bwawa ni la maji ya kunywa ya mji na lisiguswe ovyo. Bustani zikisogezwa hadi ukingoni, mbolea na dawa vitaishia kwenye bomba la Mugumu. Kinachofaa ni visima, malambo na matone, mbali na ukingo, kwa vikundi vichache vitakavyopewa kazi maalumu ya kiangazi. Miezi mingine ratiba ibadilike: viazi lishe vinavyoweza kubaki ardhini kwa muda, majani ya kunde yaliyokaushwa kivulini, maboga. Menyu ya shule ifuate msimu kama jiko la nyumbani linavyofanya. Na kuna tembo. Vijiji vinavyopakana na hifadhi vinajua kwamba kundi moja linaweza kumaliza shamba usiku mmoja. Lakini bustani ya robo eka karibu na makazi hulindwa kwa urahisi kuliko eka tano za mahindi zilizo mpakani, kwa hiyo tembo wanaiongezea nguvu hoja ya bustani ndogo.

Je, shamba la shule halitoshi? Fikra hiyo ina mizizi mirefu mkoani humu, kwani mwandishi wa Elimu ya Kujitegemea ya 1967 alizaliwa Butiama. Bustani ya shule inafundisha, na mtoto aliyeotesha mnavu huula kwa hamu zaidi. Lakini kilo 120 kwa wiki ni kazi ya mkulima. Shule hufungwa Juni na Desemba, na matuta hubaki bila wa kumwagilia. Tukilazimisha bustani ya wanafunzi ilishe shule nzima, tutawaondoa darasani wale tunaotaka wasome kwa nguvu.

Lililobaki ni ununuzi wenyewe. Shule za bweni na taasisi zinazotumia fedha za umma hupitia mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, NeST, ambao mama mwenye matuta sita hawezi kuuingia peke yake. Akiwa ndani ya kikundi kilichosajiliwa anaweza, na sheria ya ununuzi imeshatenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Brazil ilifanya jambo kama hilo mahususi kwa chakula cha shule: sheria ya 2009 ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za mlo wa shule zinunue kwa wakulima wadogo, ikawaondolea masharti ya zabuni za kawaida. Majirani zetu Kenya walianza mpango wao wa chakula cha shule kinachonunuliwa nchini mwaka huohuo. Kwa upande wa usalama, shule inayomjua mkulima wake inaweza kumuuliza alipuliza dawa lini na kukataa kilichochumwa kabla siku za kusubiri baada ya dawa hazijaisha. Sokoni hakuna wa kuulizwa. Na kwa jiko linalotakiwa kuachana na kuni, mchicha huiva kwa dakika chache, maharage kwa saa.

Kwa Manchira, mwanzo hauhitaji mradi wenye jina. Shule mbili au tatu, kamati za shule, afisa ugani, afisa lishe na mtendaji wa kata wakae Septemba, kabla ya mvua za vuli. Waandike nani atapanda nini, wiki ipi ataleta kilo ngapi, atalipwa siku gani, na nani ataziba pengo bustani ikikosa. Mizani iwe mlangoni pa jiko, si ofisini kwa mwalimu mkuu, ili mpishi, mkulima na mjumbe wa kamati waisome pamoja. Malipo yasivuke wiki mbili, maana mkulima mdogo akikopwa mwezi mmoja atarudi sokoni Mugumu, na atakuwa na haki.