Unataka Land Rover ya zamani? Lala chini uikague kabla hujalipa

Rangi mpya, bodi inang'aa, milango inafunga vizuri. Mnunuzi Mwanza anatoa hela yake. Siku gari linapopandishwa jeki gereji, fundi anachokoa chasisi kwa bisibisi na bisibisi inazama.

Kwa Land Rover za zamani hilo linawezekana kabisa, na sababu yake ni jinsi zilivyoundwa.

Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Chasisi ikabaki ya chuma. Ndiyo maana bodi inaweza kuonekana nzima baada ya miaka 50, huku chini pameoza.

Gari dogo la michezo kama MGB, lililotengenezwa kati ya 1962 na 1980, ni bodi ya chuma tupu isiyo na chasisi ya kujitegemea. Huko kutu inakula gari lenyewe. Na kwa kuwa barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi, wapenzi wa magari hayo hutafuta yaliyoishi nchi kavu.

Mwanza ni salama?

Kiasi. Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi. Gari lililokaa Mwanza, Shinyanga au Tabora lina nafuu kuliko lililopigwa na upepo wa bahari Dar au Tanga.

Lakini uliza lilifanya kazi gani. Kama lilibeba kayabo kutoka mwalo wa Kirumba, chumvi ya samaki imechuruzika hadi chini. Kama lilikuwa linaingizwa ziwani kupakia mizigo ya mitumbwi, mchanga na tope vimebaki ndani ya chasisi vikishika unyevu.

Kagua hapa

1. Boriti ya nyuma ya chasisi, pale pa kuvutia tela. Tope hujaa hapo.

2. Mikono ya pembeni inayobeba bodi, na sehemu zinaposhikwa springi. Chasisi ina uwazi ndani, hivyo huanza kuoza bila wewe kuona. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia "ting", kilichooza hutoa mlio mzito.

3. Ukuta kati ya injini na dereva. Huu ni wa chuma. Inua mikeka uangalie panapokaa miguu, kisha pitisha sumaku. Isiponata, ujue kuna pati. Usiipime hivyo bodi, maana sumaku hainati kwenye aluminiamu hata kama ni nzima.

4. Chini ya milango. Aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu, inaliwa. Dalili ni rangi iliyofura na unga mweupe.

5. Oili chafu au lami mbichi iliyopakwa chini kote. Inaweza kuwa kinga, inaweza pia kuwa inaficha viraka. Kwangua kidogo.

Usisahau namba

Namba ya chasisi mara nyingi imegongwa kwenye chuma mbele, upande wa kulia. Kutu ikiila, au isipofanana na iliyo kwenye kadi, utasumbuka TRA ukitaka kubadilisha umiliki. Isome mwenyewe kabla ya kuandikishiana.

Ukikuta kutu ufanyeje?

Tundu moja au mawili, mchomeleaji mzuri anamaliza. Chasisi iliyooza pande zote ni habari nyingine. Uingereza bado zinatengenezwa mpya zenye zinki, ila piga hesabu ya kusafirisha, kodi, na kazi ya kulivua gari lote na kulifunga upya.

Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mbili, moja inawaka vizuri lakini chini imeoza, nyingine injini imekufa lakini chasisi ni nzima, chukua ya pili. Injini inafanyiwa ovaholi.