Mvua ya shamba na mvua ya shimo

Mvua ikinyesha ku Vuhovi, mama mwenye kupanda maharagi anashukuru. Bwana yake, mwenye iko anachimba zahabu upande wa Mangurujipa, ile mvua njo inamunyima usingizi: udongo unalowa, miti ya kushikilia kuta inalegea, maji inajaa mu shimo, pompe inakula mazuti bure.

Zamani, mu sheferi yetu ya Bashu, mvua ilikuwa jambo la mwami. Ikikosa, ama ikipita kipimo, watu walimuuliza yeye. Mwanahistoria Randall Packard aliandika kitabu juu ya ile mambo mu 1981. Leo mkubwa wa shimo hana wa kuuliza.

Baridi nayo? Butembo iko karibu metri 1.700 juu, hata kama ekweta iko pale karibu. Sisi tunavaa triko asubui, tunaenda shamba. Mugeni wa Kisangani anatetemeka, anauliza kama amefika Ulaya! Lakini hata kijana wetu, akitoka pori yenye joto, anaomba blanketi ya pili.

Septemba mvua inarudi. Tunapiga simu ku machimbo: «Papa, leo mulishuka?»