Askari wa madini ya risasi na adui aliyejificha kabatini

Kambi ya jeshi iliyokuwa Downsview, kaskazini mwa jiji la Toronto nchini Canada, ilifungwa mwaka 1996. Hata hivyo, majeshi ya namna nyingine yangali yakitunzwa katika nyumba za jiji hilo: sanamu ndogo za askari zinazotumiwa katika michezo ya vita ya mezani.

Mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alichapisha kanuni za mchezo huo mwaka 1913. Kampuni ya Britains ya London, iliyoanza kuunda askari wa risasi wenye uwazi ndani mwaka 1893, ilitengeneza pia sanamu za King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoandikisha vijana wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo, sanamu inapoharibika, sehemu ya kumbukumbu ya askari hao nayo hupotea.

Kitako kwanza

Ulinzi huanza na kitako, yaani kipande cha plastiki, mbao au chuma ambacho sanamu hubandikwa juu yake kwa gundi. Kitako huizuia isianguke, na mchezaji hushika hapo badala ya kugusa rangi. Wengi hunyunyiza mchanga juu yake ili ufanane na ardhi. Kitako cha chuma kina faida zaidi: kikiwekwa juu ya karatasi ya sumaku ndani ya sanduku, askari hasogei wakati wa safari.

Adui kabatini

Hatari kubwa kwa sanamu za risasi ni kabati zuri la mbao. Mbao, hasa za mwaloni, hutoa mvuke wa asidi ya siki. Mvuke huo ukikutana na unyevu hula madini, na askari hufunikwa na unga wa kijivujivu hadi akamomonyoka. Kwa sababu hiyo wataalamu wa hifadhi hupendekeza makabati ya kioo na chuma, mahali pakavu penye hewa.

Majira ya baridi ya Toronto huongeza tatizo jingine. Sanduku lililokaa ndani ya gari lenye baridi kali likifunguliwa ghafla katika chumba chenye joto, matone ya maji hujitokeza juu ya sanamu. Dawa yake ni subira: sanduku liachwe limefungwa mpaka lipate joto la chumba.

Afya ya watoto

Britains iliacha kutumia risasi mwaka 1966, na sanamu nyingi za leo ni za plastiki au za metali isiyo na risasi. Lakini za zamani bado zimo masandukuni. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Ule unga haupaswi kupulizwa wala kufutwa kwa mkono mtupu, na kila aliyezigusa sanamu hizo anapaswa kunawa kabla ya kula.