Ushauri Nasaha kwa Mjamzito Aliyelazwa

Mjamzito hulazwa kwa sababu ya mwili: presha imepanda, damu inatoka kabla ya wakati, chupa imepasuka mapema, damu imepungua mno, au kutapika kumemmaliza nguvu. Ushauri nasaha ni tiba ya yale yanayomwandama akilini akiwa kitandani hapo, nao unastahili kutengewa muda wake wodini kama kipimo cha presha kinavyotengewa.

Katika Mkoa wa Pwani, wajawazito wa namna hii huhudumiwa, miongoni mwa vituo vingine, katika Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, mjini Kibaha. Tumbi ilikulia ndani ya Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa mwaka 1963 baina ya Tanganyika na nchi za Nordic. Kwa kuwa iko jirani na Barabara ya Morogoro, hupokea pia majeruhi wa ajali, na mkunga hufanya kazi katika hospitali yenye pilika nyingi. Kisarawe ina vijiji vilivyotawanyika. Mama wa Maneromango au Mzenga anaweza kutoka nyumbani kwa dharura, labda kwa gari lililoitwa kupitia namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, bila kujua atamwachia nani watoto wala nani atavuna shamba.

Hapo ndipo hofu yake inapokaa. Mimba, hasa ya kwanza, katika familia nyingi za pwani hulelewa na watu: mama mzazi, shangazi, somo au kungwi aliyemfunda. Wodini watu hao hubaki nje ya geti hadi saa ya kuona wagonjwa. Anabaki na maswali: mtoto ataishi? Nitapasuliwa? Hela ya nauli na vifaa itatoka wapi? Mume atanielewa? Kumwambia “jikaze” au “usiwaze sana” hakujibu hata swali moja kati ya hayo, ingawa wasemao hivyo mara nyingi wana nia njema.

Tatizo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua hupata matatizo ya afya ya akili, hasa sonona. Sonona wakati wa mimba huhusishwa na uchungu kabla ya wakati na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Humwondolea mama pia hamu ya kula na kumeza dawa.

Kazi huanza kwa faragha. Kama hakuna chumba, pazia na sauti ya chini vitasaidia, na ndugu aliyekuja naye huombwa atoke kidogo, maana vipigo vya nyumbani havisemwi mbele ya mpigaji wala mama yake. Mkunga huuliza, hunyamaza, husikiliza. Kisha hueleza ugonjwa kwa maneno yanayoeleweka: presha imefika wapi, sindano hii inazuia nini, dalili zipi aziseme mara moja. Kifafa cha mimba, ambacho wako wanaokihusisha na majini, kinahitaji maelezo ya namna hii zaidi ya ugonjwa mwingine wowote wa wodi hiyo. Baada ya hapo yanashughulikiwa mambo ya nyumbani, na hapa ofisa ustawi wa jamii ana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa: kumpigia ndugu simu, kuzungumza na mume, kutafuta msaada wa gharama. Faraja isiyogusa mambo hayo humpita mama juu juu.

Dodoso la Edinburgh la kuchunguza sonona, lililotolewa mwaka 1987, lina maswali 10 kuhusu hali ya siku 7 zilizopita, na la mwisho huuliza kama katika siku hizo mama amewaza kujidhuru. Akijibu ndiyo, haachwi peke yake, na daktari huitwa siku hiyohiyo. Mama anayechanganyikiwa ghafla naye si wa kuketishwa na kushauriwa kwanza. Hupimwa presha, sukari na homa, kwa sababu huenda ubongo wenyewe umeathirika. Dawa za sonona zipo zinazoweza kutumika katika mimba kwa uamuzi wa daktari, lakini valproate, inayotumika kwa kifafa na baadhi ya magonjwa ya akili, huepukwa kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni.

Wodi yenyewe pia inaweza kutibu. Mjini Dar es Salaam, Profesa Sylvia Kaaya na wenzake waliwakutanisha wajawazito wanaoishi na VVU katika vikao sita vya kikundi. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha dalili za sonona kwa asilimia 60 ya waliohudhuria vikundi, dhidi ya 73 ya waliopata huduma ya kawaida. Nafuu hiyo ni ya kiasi, lakini wanawake waliolazwa vitanda vinavyopakana tayari wanazungumza. Anayehitajika ni mkunga wa kuyaongoza mazungumzo hayo.

Aliyepoteza mtoto apewe kitanda mbali na wanaonyonyesha, aulizwe kama anataka kumwona mtoto wake, na asiharakishwe kujibu. Siku ya kuruhusiwa, hali ya akili huandikwa kwenye kadi pamoja na presha, ili muuguzi wa zahanati ya kijijini aendelee pale hospitali ilipoishia.