Somo juu ya Dhihaka na Matisho katika Simu

Leo tutaeleza jambo linalowapasa wazazi wote ambao watoto wao wana simu.

Ulizo: Dhihaka ya intaneti yazidije ile ya zamani?

Jibu: Zamani mtoto aliyechekwa shuleni alipumzika akifika nyumbani. Siku hizi simu humfuata mpaka kitandani, na picha ikiisha kutumwa hairudi tena.

Sikilizeni habari ya kweli. Katika nchi ya Kanada aliishi msichana, jina lake Amanda Todd. Alipokuwa bado mtoto, mgeni alimsifu katika intaneti kwa maneno matamu, akamshawishi aonyeshe kifua chake. Kumbe aliitunza picha! Baadaye alimtisha, kisha akaieneza. Amanda akahama shule, lakini picha ikamfuata, na wenzake wakamcheka. Tarehe 7 Septemba 2012 alitoa filamu katika YouTube, akaeleza mateso yake kwa makaratasi yaliyoandikwa, pasipo kusema neno. Tarehe 10 Oktoba alijiua, naye alikuwa na miaka 15 tu. Mwaka 2022 korti ya Kanada ilimhukumu mtu wa Uholanzi kifungo cha miaka 13. Basi mtesaji alikuwa ng'ambo ya bahari, lakini alimfikia mtoto chumbani mwake.

Ulizo: Mbona kijana haiachi simu inayomwumiza?

Jibu: Kwa sababu kila sifa ndogo humfurahisha, naye hungoja nyingine. Tena programu hizo zimetengenezwa ili mtu asichoke kutazama. Hivyo hukosa usingizi, na moyo usiopumzika huzidi kuhuzunika. Naye hunyamaza kwa kuona haya na kwa kuogopa kunyang'anywa simu.

Ulizo: Mzazi afanye nini?

Jibu: Kwanza, aangalie dalili: mtoto halali, hali, anajitenga na wenzake. Pili, amsikilize pasipo kumgombeza, kwa maana aliyetegwa siye aliyetega. Tatu, ayatunze maneno ya matisho yawe ushuhuda, wala asimlipe mtishaji. Nne, mtoto akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe upesi kwa daktari.

Nanyi vijana, wazee husema ulimi hauna mfupa. Kidole kinao, lakini nacho chaweza kuteleza. Anayepokea picha ya aibu ya mwenzake na kuwapelekea wengine, ameshiriki kumtesa. Ifikapo kwako, iishie kwako.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.