Mtoto anaposafiri nje ya nchi: maandalizi ya afya yaanze wiki kadhaa kabla

Wazazi na walezi wanaosafiri nje ya nchi na watoto wenye umri chini ya miaka mitano hushughulikia kwanza pasi, viza na tiketi, kisha hukumbuka afya ya mtoto katika wiki ya mwisho. Utaratibu huo huleta usumbufu usio wa lazima. Inashauriwa mtoto afikishwe kituo cha afya wiki 4 hadi 8 kabla ya safari, akiwa na kadi yake ya kliniki, ili mtoa huduma aone chanjo zilizokamilika na zilizosalia.

Chanjo ya homa ya manjano ni mfano ulio wazi. Cheti chake cha kimataifa huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Mzazi anayempeleka mtoto kuchanjwa siku tatu kabla ya kuondoka atapata cheti halali, lakini kitakuwa bado hakijaanza kutumika siku ya safari. Umri unaodaiwa nao hutofautiana: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hudai cheti kwa msafiri aliyetimiza miezi 9, wakati Uganda huanzia mwaka mmoja. Kwa kuwa masharti hubadilika, ni vyema kuuliza ubalozi wa nchi husika kabla ya kulipia tiketi.

Mtoto aliye chini ya miezi 9 kwa kawaida hapewi chanjo hiyo, na aliye chini ya miezi 6 hapaswi kuipata kabisa. Kwa mtoto wa umri huo anayekwenda eneo lenye ugonjwa, swali la msingi ni kama safari yenyewe haiwezi kusubiri. Izingatiwe pia kuwa dozi ya kwanza ya surua-rubela hutolewa nchini mtoto akiwa na miezi 9. Chanjo hizi mbili zisipotolewa siku moja, huachiwa nafasi ya takriban wiki nne, nafasi ambayo mzazi aliyechelewa huwa hana.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni malaria. Watu wengi huihesabu kuwa ugonjwa wa nyumbani, unaobaki nyuma ndege inapopaa. Ukweli ni kwamba mtoto aliyeumwa na mbu siku chache kabla ya safari anaweza kupata homa siku 7 au hata wiki kadhaa baadaye, akiwa tayari yuko Uingereza au China. Daktari wa huko, ambaye huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa malaria, anaweza kudhani ni mafua. Malaria isiyotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kuwa kali na kusababisha kifo, na watoto wadogo ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Mzazi asisubiri kuulizwa. Aseme mara moja kwamba mtoto ametoka nchi yenye malaria na aombe apimwe, hata kama nje kuna theluji.

Kuhusu dawa, tahadhari kubwa iwekwe kwenye dawa za maji za kushusha homa. Parasetamoli ya watoto iliyozoeleka hapa nchini huwa na miligramu 120 katika kila mililita 5. Nje ya nchi zipo chupa zenye miligramu 250 katika kipimo hicho hicho. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa dozi, hivyo kijiko kimoja kilichozoeleka nyumbani kinaweza kumpa karibu mara mbili ya anachohitaji. Maandishi ya chupa yasomwe kila inaponunuliwa chupa mpya, na dozi zisizidi nne ndani ya saa 24.

Dawa zinazobebwa zibaki katika vifungashio vyake na ziambatane na cheti cha daktari. Nchi za Ghuba hudhibiti vikali dawa zenye kodeini, ambayo hupatikana katika baadhi ya dawa za kikohozi. Kwa mtoto mdogo dawa hiyo haifai hata akiwa nyumbani, hivyo hakuna sababu ya kuibeba.

Kuharisha ndiko huwapata wasafiri wengi. Pakiti chache za chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, pamoja na vidonge vya zinki, hazichukui nafasi katika mkoba. Pakiti ichanganywe na maji safi na salama kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, bila kukadiria kwa macho. Mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya maziwa ya mama pekee hahitaji maji ya kunywa hata katika joto la Dubai. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Kunyonya pia humpunguzia maumivu ya masikio ndege inaposhuka.

Chanjo yoyote aliyopewa mtoto akiwa ugenini iandikwe, ikiwa na jina na tarehe, na karatasi hiyo iwasilishwe kliniki baada ya kurejea ili iingizwe kwenye kadi yake. Akipata homa, upele au kuharisha baada ya kurudi, mhudumu wa afya aelezwe nchi alizopitia na tarehe alizokuwa huko.